Kutoka Skuta ya Kazini hadi Pikipiki ya Kumbukumbu: Wapenda Pikipiki wa Bujumbura na Upendeleo Wao

Mgeni aingiaye Buyenzi asubuhi hulakiwa kwanza na nyundo. Kabla hajauona msikiti wala duka la vitenge, masikio yake hupokea sauti ya bati linalonyooshwa, tupa inayokwaruza chuma, na injini ya pikipiki inayokohoa, ikazimika, ikapigwa kiki tena. Mtaa huu, ambao barabara zake zilipewa namba badala ya majina, ni ngome kongwe ya Kiswahili katika mji wa Bujumbura, na kwa yakini ni ngome ya mafundi pia. Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za methali, ngeli na tenzi. Safari hii twawaomba radhi tuzungumzie pikipiki. Historia ya chombo hiki ni historia ya watu waliokichagua na ya sababu zao za kukichagua; na sababu hizo, kama tutakavyoona, hazikuwa daima zile zilizoandikwa katika vitabu vya wenye viwanda.

Tuanze na jina, kama ilivyo desturi yetu. Pikipiki ni tanakali ya sauti iliyogeuka kuwa nomino: watu walisikia mlio, wakauita mtambo kwa mlio wake. Kirundi kimelichukua neno lilelile kikaliongezea irabu ya mbele, kikasema ipikipiki. Ng'ambo ya mto Rusizi, katika Kivu, na kusini zaidi Katanga, sikio la watu lilipokea mlio mwingine, wakasema tukutuku. Nasi wa Bujumbura, kwa athari ya Kifaransa, husema mara kwa mara moto, na hapo ndipo vinapozuka vichekesho. Twamkumbuka mwalimu mmoja mgeni, mwenyeji wa Tanga, aliyemsikia mwenzetu akisema, "Nimeiacha moto nje, chini ya mwembe." Mgeni wetu aliinuka akatafuta maji. Mwanafunzi wa Kiswahili aliye makini angeliokolewa na upatanisho wa kisarufi, maana moto wa jikoni huachwa kwa kiambishi u, na moto ya magurudumu kwa kiambishi i. Lakini nani akumbukaye upatanisho anapodhani nyumba inaungua?

Chombo chenyewe kilitufikia kwa njia ndefu. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916, na mji ukawa makao makuu ya utawala wa Ruanda-Urundi hadi uhuru wa mwaka 1962, ulipoanza kuitwa Bujumbura. Kwa mapatano ya mwaka 1921, Uingereza iliwakodisha Wabelgiji sehemu za bandari katika Dar es Salaam na Kigoma, zilizojulikana kwa jina la Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Basi shehena iliyotoka Antwerp ilishushwa Dar es Salaam, ikapakiwa katika garimoshi hadi Kigoma, ikavushwa ziwani hadi kwetu. Pikipiki iliyosafiri kwa njia hiyo ilipita katika nchi ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho kabla ya kukanyaga gati la Usumbura, na makuli na makarani walioipokea njiani waliisemea kwa Kiswahili.

Tukumbuke kwamba Ubelgiji wenyewe ulikuwa nchi ya pikipiki. Katika mji wa Herstal, karibu na Liège, palikuwa na viwanda vitatu vilivyoshindana kwa miaka mingi: FN, Saroléa na Gillet. FN, kiwanda kilekile kinachojulikana zaidi kwa bunduki, kilianza kuunda pikipiki mwaka 1901, na mwaka 1905 kikaushangaza ulimwengu kwa pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja. Viwanda hivyo vyote vitatu vilikuwa vimeacha kazi hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Enzi zile za mwanzo pikipiki ilikuwa chombo cha cheo. Aliyeipanda alikuwa afisa wa serikali, bwana shamba, au padri aendaye kusomesha vigango vya mlimani. Hakuichagua, alipewa. Kwa hiyo hatuwezi kusema habari za upendeleo wa wapenda pikipiki kwa wakati huo, ila twaweza kusema kwamba mtoto aliyesimama kando ya njia akitazama vumbi alikuwa tayari amekwisha kupenda.

Jambo lililoamua upendeleo wa baadaye, kwa maoni yetu, ni sura ya nchi. Bujumbura umelala katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari. Lakini ukiishika barabara ya Gitega, mara tu baada ya mji, ardhi huinuka kama ukuta. Mwendo wa kilomita 35 au zaidi kidogo hukufikisha Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000. Wasomaji waliowahi kupita njia hiyo wamewaona vijana wa baiskeli wakijishikiza nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, kisha wakirudi na mikungu ya ndizi kwa kasi inayomtoa mtazamaji roho. Injini nayo huteseka: kila mita 100 za kupanda huipunguzia nguvu kadiri ya sehemu moja katika mia, kwa kuwa hewa hupungua uzito. Hivyo basi nchi yetu ina pikipiki mbili. Moja ni ya tambarare, yenye magurudumu madogo, ya mtu avaaye viatu vilivyopigwa rangi. Nyingine ni ya milima, yenye magurudumu makubwa na matope. Mwenye moja hapo zamani alimdharau kidogo mwenye nyingine.

Ile ya tambarare ni skuta, na skuta katika vinywa vya watu wengi wa Afrika ya Mashariki ni Vespa. Habari zake zafaa kusimuliwa kwa kituo. Kiwanda cha Piaggio katika mji wa Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege, nacho kilibomolewa kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, mwenye kiwanda, Enrico Piaggio, alitaka chombo cha bei nafuu kwa taifa lililofilisika. Kazi hiyo alipewa mhandisi Corradino D'Ascanio, aliyekuwa bingwa wa helikopta na ambaye, ajabu, hakuzipenda pikipiki hata kidogo. Aliziona ni chafu, nzito na taabu kuzibadili gurudumu. Kwa kuwa hakuzipenda, alizitengeneza upya. Aliondoa mnyororo unaorusha grisi, akaiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma. Akaweka bati pana mbele ya miguu. Akaipeleka gia mkononi. Na gurudumu la mbele akalishikilia upande mmoja tu, kama lilivyo gurudumu la ndege, ili liweze kufunguliwa upesi. Hataza ya chombo hicho iliandikishwa tarehe 23 Aprili 1946. Injini ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimita 98. Piaggio alipoisikia na kuuona mwili wake, mwembamba kiunoni na mpana nyuma, alisema yafanana na nyigu, na nyigu kwa Kiitalia ni vespa. Miaka miwili baadaye kiwanda kilekile kikatoa chombo cha magurudumu matatu, kikakiita Ape, yaani nyuki. Huyo ndiye babu wa bajaji za Dar es Salaam, ambazo sisi wa Bujumbura twaziita tuktuk. Wapinzani wao wa Milano, kampuni ya Innocenti, walitoa Lambretta mwaka 1947, na ulimwengu wa skuta ukagawanyika katika madhehebu mawili ambayo hayajapatana hadi leo.

Ni rahisi kuona kwa nini karani na mwalimu wa mjini waliipenda Vespa. Mtu aliweza kuipanda akiwa amevaa suti, kanzu au gauni, naye akafika kazini bila doa. Mama aliweza kukaa nyuma miguu ikiwa upande mmoja. Palikuwa na gurudumu la akiba, jambo ambalo pikipiki nyingi hazina. Mafuta yake yalikuwa petroli iliyochanganywa na oili kidogo, na kila mwenye Vespa alijua kipimo chake kama mpishi ajuavyo chumvi. Zaidi ya hayo yote, Vespa haikuwa na sauti ya amri. Pikipiki ya afisa ilipopita watu walisimama. Vespa ilipopita watu walisalimiana. Tusiseme mengi; katika Unguja mapenzi hayo yalikita mizizi hata jina la kampuni likawa jina la aina nzima ya chombo, kama wembe au sabuni fulani zilivyopata majina yao.

Huko Ulaya mambo yalichukua njia ya utani. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 walizipamba skuta zao kwa vioo na taa nyingi, na mwaka 1964 wakapigana hadharani, katika miji ya pwani, na vijana wa pikipiki kubwa. Waingereza walipigania mtindo. Kwetu swali halikuwa mtindo bali ni nani atakayeweza kwenda kazini na kurudi kabla ya mvua.

Wajapani walikuja na jawabu la milima. Mwaka 1958 Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walitoa Super Cub, chombo kidogo cha sentimita za ujazo 49, kilichowekwa gia isiyohitaji klachi ya mkono, ili, kama isemwavyo, kijana mpeleka vyakula aweze kuendesha kwa mkono mmoja na kubeba sinia kwa mkono wa pili. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kuundwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini kilichoifikia. Kisha zikaja Yamaha na Suzuki zenye matairi ya meno, na hasa Yamaha AG100, pikipiki iliyoundwa kwa wakulima, ambayo mabwana shamba, wauguzi na watu wa miradi ya maendeleo waliipanda katika nchi nyingi za Afrika. Haina uzuri wowote. Lakini muulize mganga wa mifugo aliyestaafu ni chombo gani alikipenda, naye hatataja gari.

Hapa hatuna budi kuingiza habari ya nyumbani kwetu, maana bila hiyo makala haya yangekuwa ya viwanda tu.

Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa na Vespa ya sentimita 150, rangi ya kijani. Aliinunua mwaka 1974, nayo haikuwa mpya. Sisi tulizaliwa tukaikuta. Tulibebwa juu yake tukiwa tumesimama mbele, kati ya mikono yake, tumeshika usukani na kuamini kwamba ndio sisi tunaoongoza. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilipofika mitaani mwetu, na hasa Machi 1995, mapigano yalipoingia Bwiza na Buyenzi na watu wengi wakakimbia kuelekea Uvira, baba aliivunja Vespa vipande. Injini aliiweka chini ya kitanda cha jirani mmoja, magurudumu kwa jirani wa pili, usukani akauzungushia mkeka. Chombo kilichovunjwa hakiibiwi, alisema, kwa kuwa mwizi naye ana haraka. Julai 1996 nchi jirani zilituwekea vikwazo vya uchumi, vilivyodumu hadi Januari 1999, na petroli ikawa bidhaa ya kunong'onezana. Vespa ikabaki vipande. Baba alifariki bila kuiunganisha tena.

Katika miaka iliyofuata mji ulijaa pikipiki za aina mpya kabisa, TVS na Bajaj kutoka India. Hapa historia ina mzunguko wa kupendeza. Kampuni ya Bajaj ilijifunza kazi kwa kuunda Vespa kwa leseni ya Waitalia, na mwaka 1972 ikatoa skuta yake yenyewe, ikaipa jina la Chetak, farasi mashuhuri wa mtawala Maharana Pratap. Mitambo ya Lambretta nayo iliuzwa India, Milano ilipofunga kazi. Kwa hiyo kijana anayeendesha Bajaj leo, akijua asijue, amepanda mjukuu wa nyigu.

Kijana huyo ana upendeleo wake, wala tusiudharau kwa kuwa hauna mashairi. Huitazama pikipiki kama mkulima atazamavyo ng'ombe: inakunywa kiasi gani, inabeba kiasi gani, ikivunjika mguu itapona kwa bei gani. Hupenda kiti kirefu. Hupenda injini ambayo piyesi zake zapatikana katika kila kibanda. Hiyo ni hukumu ya mjuzi, nayo imeandikwa kwa njaa. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na tuktuk kuingia katikati ya mji, kwa hoja ya usalama, na maelfu ya vijana wakajikuta wameachiwa mitaa ya pembezoni tu, ambako nauli ni ndogo. Uhaba wa mafuta, ulioanza kukaza mwaka 2021 na kuwa mzito mno mwaka 2024, ukawafanya wengine walale vituoni wakilinda zamu. Tulisomesha watoto wa baadhi yao, nasi tulijua kwa hali ya madaftari ni juma gani petroli imekosekana.

Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba katika miaka hiyohiyo ya dhiki ndipo tulipoanza kuwaona Buyenzi watu wanaoleta pikipiki za kale ili zifufuliwe. Si wengi, wala si matajiri wote. Mmoja huleta Honda ya babu aliyekuwa tarishi. Mwingine huleta Yamaha iliyonunuliwa kwenye mnada wa mradi uliofungwa. Wanapokutana hawasemi habari za kasi. Husema habari za herufi zilizopigwa katika chuma cha injini, na za rangi.

Fundi tuliyempelekea vipande vya baba hakuwa wa kwanza. Wa kwanza, ambaye hatutamtaja, aliturudishia Vespa ikiwa na kabureta ambayo haikuwa yetu, nasi tulichelewa kutambua. Wa pili ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliviangalia vipande kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, unataka itembee, au unataka ikae?"

Tulimwomba atufafanulie.

"Ikikaa, nitakutafutia kila kitu chake. Utangoja miaka. Ikitembea, nitaitia piyesi za TVS pale zitakapokubali, na utaipanda kabla ya Ramadhani."

Swali hilo ndilo linalowagawa wapenda pikipiki ulimwenguni kote. Huko Ulaya wapo wanaoona kuweka parafujo isiyo ya asili ni sawa na kughushi hati. Sisi twaona kwamba chombo kilichozaliwa ili kumfikisha mtu kazini hakiheshimiwi kwa kuwekwa sebuleni. Lakini pia hatukubaliani na wasemao kwamba kale ni kale tu, itupwe. Ziwa letu lina ushahidi wa kutosha. Meli ya Liemba ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, walipokuwa wakiikimbia Kigoma, waliizamisha wao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito, kwa tumaini la kurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Ilibeba wasafiri, na baadaye wakimbizi, kwa miongo mingi. Hakuna aliyeuliza kama kila ribiti yake ni ya asili.

Tulichagua itembee.

Miezi iliyofuata tulijifunza Kiswahili ambacho chuo cha ualimu hakikutufundisha. Fundi wetu alisema buji pale ambapo mwenzake wa Kigoma angesema plagi. Alisema esansi kwa petroli, ambreyaji kwa klachi, piyesi kwa spea, na kaske kwa helmeti. Ni Kifaransa cha Wabelgiji kilichovalishwa kanzu. Lakini mwanawe, aliyefanya kazi miaka miwili Dar es Salaam, alisema gereji, cheni na spea, na wawili hao walifanya kazi kichwa kwa kichwa juu ya injini moja bila hata mara moja kukosa kuelewana. Kiswahili cha mzee kilipita Matadi na Bukavu. Cha kijana kilirudi kwa reli ya Kigoma. Na yapo maneno ambayo hayakutoka kwa yeyote: kilema kidogo cha injini kunguruma ovyo ikiwa imesimama, mzee alikiita kunung'unika, pistoni iliyokwama kwa kukosa oili, alisema imekasirika. Tuliandika maneno hayo yote katika daftari. Baadhi ya walimu wenzetu huyaita maneno ya mtaani. Ni kweli, lakini hatujui kamusi ipi itakayompa mwanafunzi istilahi bora kuliko injini inayonung'unika.

Silinda ilichongwa upana, pistoni mpya ikatiwa. Sakafu ya bati iliyoliwa na kutu ikakatwa na nyingine ikachomelewa. Ikabaki rangi. Fundi alipoanza kuikwangua ile ya kijani, chini yake ilitokea samawati. Si samawati ya kupakwa mtaani: ilikuwa nyororo, imeingia hata katika pembe za ndani, rangi ya kiwandani. Na ndani ya bati la ubavu wa kushoto, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa makusudi, palikuwa pamekwaruzwa kwa msumari herufi mbili na mwaka, 1970.

Tulimwendea mama. Alikuwa amekaa barazani akichagua maharagwe, naye hakuinua kichwa. Alisema baba aliinunua kwa mjane wa mwalimu mwenzake. Mwalimu yule alichukuliwa mwaka 1972. Hakusema zaidi, wala msomaji wa nchi hii hahitaji zaidi. Mwaka ule wasomi wengi wa Kihutu, walimu, makarani, wauguzi na wanafunzi, walikamatwa wakauawa, na katika nyumba nyingi kilichobaki mlangoni ni baiskeli au skuta ya mtu ambaye hakurudi. Mama alisema baba aliipaka kijani juma lilelile aliloinunua, usiku, kwa brashi. Tulimwuliza kama ni kwa hofu. Akajibu, "Kwa hofu, na kwa haya."

Miaka yote hiyo tulidhani kijani ilikuwa rangi aliyoipenda.

Hapo ugomvi wa rangi ukaingia katika ukoo. Ndugu yetu mdogo alitaka samawati, rangi ya asili, rangi ya mwenye mali; alisema kuirudishia kijani ni kumzika mtu mara ya pili. Dada yetu mkubwa alitaka kijani, kwa kuwa hiyo ndiyo Vespa aliyopanda kwenda shule, na baba hakuwa mwizi hata afutwe. Twaungama kwamba sisi tuliona wote wawili wana haki, jambo ambalo kwa mwenye kulipa fundi ni balaa. Anayefufua chombo cha kale hulazimika kuamua anakirudisha mwaka gani. Na kuna vyombo ambavyo miaka yao haikubaliani. Fundi alingoja siku tisa. Mwishowe alisema ana kazi nyingine inayosubiri nafasi, nasi tukakubaliana hivi: nje ipakwe kijani, ndani ya bati la kushoto isiguswe. Samawati ikabaki humo, na herufi mbili, na mwaka.

Mama alikumbuka kwamba mjane yule alihamia Kigoma na watoto wawili. Tulimpa habari mwalimu mmoja mwenzetu aliyekuwa akienda huko, tukamwandikia zile herufi katika karatasi. Hajaleta jawabu.

Siku ilipokamilika, mwaka 2024, hapakuwa na petroli mjini. Mwana wa fundi alipata lita moja kwa mtu aliyetoka Uvira, kwa bei ambayo hatukumwambia mama. Akaitia oili kwa kifuniko cha chupa, akatikisa, akamimina. Ilikataa mara sita. Mara ya saba ilitoa moshi wa buluu uliojaza karakana yote, na wazee waliokaa nje wakaacha bao wakaja kutazama. Mmoja wao alifumba macho akavuta pumzi, akasema hiyo ndiyo harufu ya mshahara wa mwisho wa mwezi.

Tuliipanda sisi na dada yetu, yeye nyuma, miguu upande mmoja, tukashuka polepole kuelekea ziwani. Tulifika ufukoni, tukaizima, tukakaa tukitazama milima ya Kongo hadi jua lilipoanza kuzama. Tulipotaka kurudi ikakohoa, ikanung'unika, ikanyamaza. Lita moja ilikuwa imekwisha. Dada yetu alivua viatu, akashika kiti cha nyuma, nasi tukashika usukani, tukaisukuma hadi nyumbani.